Bwana Ashkrofti Kwenye Foleni ya Sukari

Uliangalia pembeni. Usikatae, najua hata sasa unajiandaa kukataa. Uliposoma zile hadithi za mapenzi za kizamani, zenye bwana tajiri mwenye kiburi na binti maskini mwenye ulimi, ulimtazama binti, ukamtazama bwana, ukasubiri macho yao yakutane. Wale watu waliosimama nyuma yao na mabakuli matupu hukuwatazama. Mwandishi aliwapanga pale kama nguzo za uzio, nawe ukawachukulia kuwa nguzo za uzio. Na ukienda kwenye michezo ya kuchekesha ya siku hizi, ile inayoiba hadithi zilezile za kale na kuzivalisha kaptura, unacheka, unafuta machozi, unarudi nyumbani umeridhika, na nguzo zako umeziacha zimesimama na njaa yao.

Haya. Safari hii nguzo zitasema.

Mwaka 1984 Ursula alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale Bagara, Babati mjini. Alasiri watoto wakishatoka shule, wanafunzi wake waliingia na kujikunja kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa makalio ya darasa la tatu. Chaki hakuna, aliandika kwa muhogo mkavu. Kitabu cha kisomo kilikuwa kimoja kwa watu thelathini, na wote walishakijua kwa moyo, hata wale wasiojua kusoma. Ndipo Ursula alipokwenda misheni, akaomba kwenye kabati la vitabu alivyoviacha padri mmoja Mzungu aliyerudi kwao, akapata riwaya ya Kiingereza iliyoliwa jalada na mchwa. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Zilichanwa vizuri, kwa mkono uliotulia.

Kila siku akawa anasoma sura moja nyumbani, kesho yake anaisimulia darasani kwa Kiswahili. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Katika mji mmoja wa Uingereza, mwaka wa njaa, kulikuwa na mfanyabiashara wa ngano aitwaye Bwana Ashkrofti, aliyefunga ghala lake na kuvaa glavu. Na kulikuwa na Bibi Letisia, binti wa fundi saa, mwenye mdomo kama wembe mpya. Siku moja darajani, mbele ya umati wenye njaa, Letisia alimtukana bwana yule mpaka glavu zikamdondoka. Na tangu siku hiyo, bwana akampenda.

Bibi Elieshi, mjane wa Singe aliyekuwa mkubwa kuliko wote darasani, aliinua mkono akauliza swali. Alitaka kujua wale watu wa darajani walikula nini jioni ile. Ursula akapekua kitabu. Hakikusema. Bibi Elieshi akasema basi huyo mwandishi alikuwa ameshiba.

Ndivyo wazo la mchezo lilivyoanza. Sikukuu ya Saba Saba ilikuwa inakuja, kila kikundi kilitakiwa kuonyesha kitu uwanja wa shule, na darasa la Ursula lilikuwa limechoka kuimba nyimbo za kulima. Wakaamua kumleta Ashkrofti Bagara. Farasi wake wakawa ng'ombe wawili wa mkokoteni. Dansi ya mabwana ikawa sherehe ya kipaimara. Fundi saa akawa fundi baiskeli, maana saa nani anazo, na daraja likageuka foleni ya duka. Ashkrofti alichezwa na Damiani, ambaye alikuwa fundi baiskeli kweli, mwaka wa pili hajaona tairi jipya. Alikuwa na kifua kipana na aibu moja, kwamba kila akifika sehemu ya kukasirika anacheka. Letisia alichezwa na mwalimu mwenyewe. Damiani hakuwa na sababu nyingine ya kuja darasani, na kila mtu alijua isipokuwa Ursula, aliyekuwa anatazama vitabu.

Tatizo likabaki moja tu: hawakuwa na mwisho.

Sasa sikiliza habari za foleni, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Duka la ushirika liligawa bidhaa siku ya Ijumaa. Nusu kilo ya sukari kwa kaya, ikiwepo. Kipande cha sabuni, kikiwepo. Watu hawangeweza kusimama tangu alfajiri, wana mashamba, wana ng'ombe, wana wagonjwa. Kwa hiyo kila mtu alileta jiwe lake, akaliweka kwenye mstari, akaenda zake. Mtu unaweza kumsukuma kwenye foleni, ukamkanyaga, ukamwambia hukumwona. Jiwe haliguswi. Jiwe la mwenzako halisogezwi, halirukwi, halikaliwi. Na kila mtu alilijua la kila mtu. La Bibi Elieshi lilikuwa na shingo kama kibuyu. La Mama Ursula, yaani Katarina, mama yake mwalimu, lilikuwa jeupe upande mmoja. Watu wa Bagara wangeweza kugombana juu ya mpaka wa shamba miaka kumi, lakini juu ya jiwe la foleni hakuna aliyewahi kufungua mdomo.

Meneja wa duka hilo alikuwa Filbert. Kijana wa miaka thelathini na mbili, mgeni kutoka mkoa mwingine, shati limenyooshwa, kidato cha sita kimemkaa usoni. Mwezi wa tano, Ijumaa moja, sukari iliishia kwenye jiwe la ishirini, na asubuhi ile watu walishayaona magunia yakishushwa. Wakanuna kama kawaida, wakaanza kuokota mawe yao. Ursula akamwita kwa sauti, wote wakasikia, akamwambia: "Ndugu Meneja, sukari yako ina miguu. Inaingia kwa mlango wa mbele tukiiona, inatoka kwa wa nyuma tukiwa tumelala."

Watu wakaguna kwa raha. Filbert hakukasirika. Alimtazama Ursula kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, akatabasamu kidogo, akafunga dirisha.

Mwezi uliofuata, chai ya nyumbani kwa kina Ursula ikaanza kuwa tamu. Mama yake alisema ni padri aliyewakumbuka. Wiki ya pili akasema ni shangazi wa Mbulu. Ursula alijua shangazi wa Mbulu hajawahi kumkumbuka mtu tangu azaliwe, lakini kikombe kilikuwa cha moto na utamu ulishuka vizuri baada ya miezi ya chai ya chumvi, akanywa, akaomba kingine. Ndiyo, na yeye. Usidhani nimemficha.

Ijumaa ya nne, tarehe ishirini na tisa Juni, alirudi mapema, akakuta mama yake ameinama mafigani anatia karatasi motoni. Akaona maandishi ya Kiingereza. Akainyakua, akapuliza ule ukingo uliokwisha kushika, akachuchumaa palepale kwenye moshi kusoma. Ulikuwa ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Bwana Ashkrofti, amevaa koti la mtumishi ili asijulikane, anaacha mfuko wa unga mlangoni kwa fundi saa, kama alivyofanya Ijumaa tatu zilizopita.

Furaha ilimjia kwanza, furaha ya mtu aliyepata kitu chake kilichopotea. Aliusoma mara mbili, pande zote. Ndipo vidole vyake vikahisi chembechembe. Akaramba kidole. Ilikuwa sukari.

Mama Ursula hakuona haja ya kujificha tena. Alisema yule kijana wa duka ni mtu wa heshima, haji mikono mitupu, na kila Ijumaa alasiri, mwalimu akiwa darasani, anaacha kifurushi mlangoni bila kugonga. Zile karatasi nyingine tatu zilizofungia sukari? Alizichoma, afanye nini nazo, ziandikwe barua? Na wazee wa kuposa wangekuja Jumapili, siku moja baada ya Saba Saba. Kwa mwezi mzima, basi, Filbert alikuwa anamtumia Ursula barua ya mapenzi kwa kurasa za riwaya, moja baada ya moja kwa mpangilio, na Mama Ursula alikuwa anachemshia maharage.

"Mama, hii ni sukari ya watu," Ursula alisema.

"Watu gani? Sisi si watu? Mwaka jana umefulia majani ya mpapai, umekula unga wa njano wa msaada mpaka ukasahau rangi ya ugali. Leo mtu anakupenda kwa sukari, unataka akupende kwa nini, kwa mashairi?"

Ursula alikwenda dukani Jumatatu, akiwa na ukurasa mfukoni. Alikuwa amepanga kumtukana tena. Lakini Filbert alipouona ule ukurasa uso wake ulifunguka, akamvutia kigoda, akaanza kuzungumza, na Ursula akajikuta anasikiliza. Maana tangu amalize chuo hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye juu ya kitabu. Filbert alilisoma kabati la misheni lote. Kitabu kile ndiye aliyekichukua kwanza. Alizipenda zile kurasa za mwisho mpaka akashindwa kuzirudisha. Alikumbuka maneno ya Letisia darajani kwa mpangilio. Alicheka palepale ambapo Ursula alichekea. Kwa nusu saa nzima duka la ushirika, lenye harufu ya mafuta ya taa na rafu zenye vumbi na debe moja la dawa ya viatu, lilikuwa mahali pazuri kuliko pote Babati.

Akamuuliza mwisho wake. Filbert akamsimulia. Letisia anagundua nani alikuwa analeta unga. Analia, anasema alimhukumu bila kumjua. Anakwenda ghalani, bwana anavua glavu, wanashikana mikono. Wanafunga ndoa majira ya mavuno.

"Uliponitukana pale foleni," Filbert akasema polepole, "nikajua ndiwe. Nikasema, basi na mimi nitafanya kama yule bwana. Sikutaka ujue haraka."

"Na wale wa darajani?"

"Wapi?"

"Umati. Wakati Letisia analetewa unga nyumbani. Walikula nini?"

Filbert alifikiri kweli, huwezi kumnyima hilo. Akasema kitabu hakisemi. Akasema hakuna msomaji anayeuliza hilo.

"Kuna mjane wa Singe ameuliza," Ursula akajibu, akainuka.

Alitembea akipita karibu na ziwa bila kuona ziwa. Hasira aliijua, ameizoea, hasira ni kama baiskeli yake. Kilichomuuma ni kwamba alitamani kurudi akae tena kwenye kile kigoda. Jumapili wazee wangekuja, mama angesema ndiyo kabla hawajakaa, na yeye angekuwa mke wa mtu pekee mjini anayesoma, ananywa chai tamu, anajua kila asubuhi nani hakuipata. Au angekataa, abaki na muhogo mkavu na darasa linalomuuliza maswali. Ilibidi achague, na siku zilikuwa tano.

Darasani aliwaambia tu kwamba mwisho umepatikana: Letisia analia, anampa Ashkrofti mkono. Damiani alifurahi kupita kiasi, akaomba sehemu hiyo wairudie mara nne.

Siku ya Saba Saba uwanja wa shule ulijaa tangu saa nane mchana. Kikundi cha kisomo kilikuwa cha mwisho, kwa hiyo waliweka vyombo vyao mapema pembeni mwa uwanja: meza, kopo la kupimia, na mbele ya meza mawe kumi na mawili kwa mstari, kuonyesha foleni ya Ashkrofti. Ndipo kosa likatokea, na ni kosa la watu wa mwaka ule tu. Mama mmoja aliyechelewa aliona meza, akaona kopo, akaona mawe. Hakuuliza. Alitafuta jiwe, akaliweka la kumi na tatu. Aliyemfuata akamwona, akaweka lake. Ikavuma kwamba serikali imeleta sukari ya sikukuu. Ngoma zilipokuwa zinachezwa, watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja kwa adabu, wanarudi na mawe ya nyumbani. Kufikia zamu ya mchezo, mstari ulikuwa umezunguka uwanja, umepinda golini, umerudi mpaka mbele ya viti vya wakubwa. Damiani alijaribu kueleza kwamba ni mchezo. Akaambiwa asubiri zamu yake. Kuyaondoa mawe hakuna aliyethubutu, kwa hiyo wakacheza na foleni kama ilivyo.

Filbert alikaa mbele, kiti cha pili kutoka kwa mgeni rasmi wa wilaya, shati jeupe, mguu juu ya mguu. Mchezo ulichekesha. Damiani alipanda mkokoteni, ng'ombe wakagoma. Alipaswa kukasirika, akacheka, na watu wakadhani tajiri anacheka hivyo. Ursula alipomtukana kwenye foleni, uwanja mzima uliitikia kama kanisani. Filbert alicheka kuliko wote. Alijua kinachokuja. Alikuwa ameinamia mbele kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Ikaja sehemu ya mwisho. Ursula alitakiwa aingie analia. Aliingia amebeba mtungi wa nyumbani kwao, ule Mama Ursula anaofichia sukari chini ya kitanda. Mama, katikati ya watazamaji, aliutambua kabla ya wote, akakaa chini.

Ursula aliuweka mtungi mezani. Akamgeukia Ashkrofti wake.

"Bwana, umeniletea chakula Ijumaa nne. Nakushukuru. Kabla sijakupa mkono, niambie ulikitoa kwenye jiwe la nani."

Swali hilo Damiani hakulifanyia mazoezi. Alitazama kulia, akatazama kushoto. "Mimi sijui, mwalimu," akasema kwa unyonge, na watu wakacheka.

Bibi Elieshi hakucheka. Yeye alikuwa anacheza mtu wa foleni, kazi yake ilikuwa kunyamaza. Akasema Ijumaa ya kwanza katika hizo nne jiwe lake lilikuwa la ishirini na moja na sukari ikaisha kwenye la ishirini. Hakuigiza. Alisema kama anavyosema mtu aliyeulizwa njia. Mzee mmoja nyuma akasema ya pili ilikatikia kwake, mkewe alikuwa amejifungua. Mama mwingine akasema ya tatu. Ya nne walijitokeza watatu, wakabishana.

Ursula akachukua kopo. Akawapimia kwa mpangilio wa mawe. Mtungi ulishaliwa nusu, na hilo alilisema wazi, kwamba nusu wameinywa yeye na mama yake. Sukari iliisha kwenye jiwe la nne. Kukawa kimya, kimya kile cha Ijumaa ambacho kila mtu alikijua, cha kuokota jiwe na kwenda nyumbani. Ila safari hii mwenye dirisha alikuwa amekaa kwenye kiti, nje, mchana, bila dirisha.

Filbert alisimama. Alisema duka limefungwa kwa sikukuu, na akasema kwa sauti ya chini, kwa Ursula peke yake, kwamba haikuwa hivi kwenye kitabu.

"Najua," Ursula alimjibu. "Hiki tunakiandika sisi."

Bibi Elieshi aliokota jiwe lake lenye shingo, akaenda nalo mpaka kwenye kiti cha meneja, akaliweka mbele ya viatu vyake. Askari mgambo akaruka akidhani wanataka kumpiga. Wapi. Walikuwa wanapanga foleni. Wa pili akaweka nyuma ya Elieshi, wa tatu nyuma ya wa pili, na mstari ulipofika mwisho ukazunguka, ukamzingira mtu na kiti chake mara mbili. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Lakini mawe yalikuwa pande zote, na katika mji ule hata mwizi hakuwahi kuruka jiwe la foleni. Filbert aliinua mguu mara moja, akatazama nyuso, akaurudisha.

Alikaa. Saa nzima. Mgeni rasmi alihutubia habari za kilimo cha kufa na kupona, hakuna aliyemgeukia. Mwishowe alimwomba Filbert funguo, kwa aibu tu, ili arudi kwake kabla jua halijazama. Stoo ya nyuma ilikuwa na magunia kumi na moja. Yaligawiwa jioni ileile, jiwe kwa jiwe, na lile jeupe upande mmoja lilipewa nusu kilo kama mengine. Mama Ursula aliipokea bila kumtazama mwanawe.

Jumapili wazee wa kuposa hawakuja. Mama Ursula aliwapikia hata hivyo, akakaa na sufuria. Akasema: "Umeshaolewa na mawe. Tuone yatakuzalia nini." Hakusema naye tena mpaka mwezi ukaandama. Damiani alikuja Jumatatu na baiskeli ya mwalimu, ameiziba pancha tatu kwa vipande vya kandambili, akasema hana sukari na kusoma anaishia ukurasa wa sita. Ursula akamwambia afungue wa saba. Zaidi ya hapo usiniulize, hukuja kwa ajili ya hilo tu, au ndilo lililokuleta?

Usiku mwingine alikumbuka kile kigoda cha dukani. Hilo nalo ni kweli.

Na sasa habari iliyobaki. Barua ilikuja kutoka wilayani. Kikundi cha kisomo kilipigwa marufuku kucheza mchezo wowote bila kibali, na posho ya mwalimu ilisimamishwa uchunguzi ufanyike. Filbert hakushtakiwa. Alihamishwa, kwa manufaa ya umma, akapewa duka jingine kubwa zaidi katika wilaya ambayo barua haikuitaja. Kwa hiyo yuko kazini. Shati limenyooshwa, mpole, anasoma, na anamtafuta binti mwenye ulimi mkali ili ampende kwa sukari ya watu.

Inawezekana duka hilo ni la mtaani kwenu. Weka hadithi hii chini hapo ulipo. Gonga kwa jirani wa kulia, gonga kwa wa kushoto, mwende wote leo kabla halijafungwa, mkamwambie afungue stoo ya nyuma. Akisema siku ya mgao ni Ijumaa, msiondoke. Usimalizie kwanza chakula. Inuka, kagonge.